Tangi Lilipasuka Siku ya Mwenzangu

Mume wangu ana wake wawili, na mimi ni wa pili. Naanza na hilo ili asiwepo msomaji atakayefika katikati ya habari hii ya samaki akaanza kushangaa mbona nimejaa wivu kiasi hiki. Nimejaa, na sijapata kuficha. Bi mkubwa anakaa Gazi, mimi ninakaa Msambweni, na bwana mwenyewe anafanya kazi Diani, anasafisha na kutengeneza mabwawa ya kuogelea kwenye nyumba za wageni. Siku mbili analala kwa bi mkubwa, siku mbili analala kwangu. Zamu hiyo haijapinda tangu aliponioa, na watu humsifu kwa uadilifu wake. Mimi uadilifu huo sijaupenda sana. Mtu anayegawa sawasawa, utajuaje moyo wake umelalia upande gani?

Kitu nilichokuwa nacho mimi, na bi mkubwa hana, ni tangi la samaki.

Mwenye nyumba mmoja wa Diani alirudi kwao akamwachia mume wangu tangi la kioo, refu kama meza ya kulia, pamoja na samaki wake wa baharini, pampu, taa na vijimawe. Kwa bi mkubwa lisingekaa salama, maana kuna watoto wanne na mpira haukosekani uani. Kwangu hakuna mtoto. Bwana alisema sebule yangu ndiyo inayofaa kwa sababu imetulia, na mimi nikaitika kama niliyesifiwa, ingawa neno lile liliingia mahali pake likanichoma. Basi wakaja kukaa nami: kangaja mmoja mweusi mwenye hasira, kitatange wa manjano, na wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, ambao kila mgeni aliyeingia alitaka kupiga picha nao.

Samaki wa bahari ni watu wa masharti. Maji yao hutoka baharini, na mume wangu aliyateka mwenyewe wakati wa maji kujaa, akayaleta kwa mitungi juu ya pikipiki. Chakula chao, kamba wa kusaga, kiligandishwa kwenye friji yangu karibu na nyama yangu. Na aliweka amri: asiwalishe mtu mwingine, kwa sababu chakula kikizidi maji huharibika na wao hufa. Sijapata kutii amri ya mume wangu kwa furaha kama hiyo. Mimi na wale samaki tulitazamana tu kwenye kioo, wao na njaa yao, mimi na shughuli zangu, wote tunamngoja mtu mmoja.

Maana kuna jambo moja katika zamu. Usiku ni wa mwenye siku, hauingiliwi. Lakini mchana mume anaweza kupita kwa mke mwingine akiwa na haja, amalize haja yake aondoke. Haja ya mume wangu ilikuwa samaki. Kwa hiyo hata siku za bi mkubwa, akitoka kazini Diani, aliipita njia panda ya Gazi bila kukata kona, akaja mpaka Msambweni, akawalisha, akasikiliza pampu, akanywa chai yangu na mahamri, ndipo akageuza pikipiki kurudi alikotakiwa kulala. Siku nyingine ilimfika magharibi akiwa bado amekaa mbele ya kioo. Siku zangu zilikuwa zangu zote, na siku za mwenzangu zilikuwa na kipande changu. Nilikijua kipande hicho na nilikipenda. Nilipokuwa nikimsindikiza mlangoni, nilimfikiria mwanamke wa Gazi ameshapakua, chakula kinapoa, na roho yangu ilikuwa inatulia kabisa.

Asubuhi tangi lilipopasuka ilikuwa siku ya bi mkubwa.

Nilikuwa uani ninakaanga mahamri ya harusi ya jirani. Nikasikia maji ndani, nikadhani ni bomba la jikoni, ambalo linadondoka tangu zamani na fundi wangu wa mabwawa huliahidi kila wiki. Nilipoingia, zulia lilikuwa limelowa nusu. Kwenye kona ya chini ya tangi, pale vioo viwili vinapokutana, gundi ilikuwa imeachia, na maji yanatoka kwa nguvu, mstari mwembamba usiokatika, yanaelekea kwenye soketi ya sakafuni iliyounganisha pampu na taa. Cha kwanza nilichofanya nilikifanya vizuri. Nilizima umeme ukutani, nikachomoa nyaya zote, nikazitupa juu ya kochi.

Cha pili ndicho kilichoniponza. Pwani hii ukionyeshwa mtungi uliozeeka, ugeuze uutazame: utakuta umezibwa na sabuni. Mtungi wa maji, ndoo, hata tangi la mafuta la pikipiki, dawa ni moja. Unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unakisugua kwenye ufa mpaka kijae, na mambo yanaendelea. Mama yangu aliziba hivyo, na mama yake kabla yake. Sikufikiri hata kidogo. Nikakimbilia karo la kufulia, nikachukua kipande cha sabuni, nikapiga magoti kwenye zulia lililolowa na kuanza kusugua kona ile kwa nje. Maji yakapungua, kisha yakaisukuma sabuni na kutoka tena. Nikajiambia, huku nje hakuna maana, shimo lazibwa kutoka ndani. Nikapandisha mkono wa dera mpaka begani, nikaingiza mkono na sabuni yangu ndani ya tangi.

Ikaziba. Kweli, ilishika, mstari ule ukawa matone. Nikakaa pale sakafuni nimelowa, nikaona fahari, na nikaanza kuwaza jinsi nitakavyomsimulia bwana atakapokuja jioni, na jinsi atakavyochelewa kwenda Gazi siku hiyo kwa ajili ya masimulizi.

Kisha nikaona povu. Povu dogo, jeupe, limetanda juu ya maji upande wa kona. Wale wadogo wa machungwa walikuwa wamepanda juu wanafungua na kufunga midomo, na kitatange alikuwa amelalia ubavu, ananitazama kwa jicho moja.

Nilimpigia mume wangu. Simu yake ikaita mpaka ikakata, maana akiwa kazini simu huiacha kwenye mkoba wa pikipiki. Nikapiga tena. Kibarazani palikuwa na mtungi mmoja wa maji ya bahari aliouacha wa akiba. Nikayamimina kwenye ndoo mpya ya kukandia unga, nikachukua chujio la tui, nikaanza kuwavua mmoja mmoja. Kangaja alinichanja kidole kwa mwiba wa mkiani. Nikamtukana, nikamtia ndani na wenzake. Maji ya ndoo yalikuwa kidogo, samaki walikuwa wengi, na wote wanahema. Mitungi mingine ilikuwa mitupu, na mimi sijawahi kuteka maji hayo, sijui hata huyateka wapi.

Hapo nikasimama na kuwaza, na niliyoyawaza nayaandika kama yalivyokuwa. Nikiwaacha wafe, mume wangu hatakuwa na haja ya kupita kwangu siku za bi mkubwa. Nikiwapeleka ufukweni nikawaachilia, ni vilevile. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo wangepona na kubaki wetu, palipo na bahari mlangoni na mtu mzima wa kunisaidia, na mahali penyewe ni Gazi. Gazi ambako akitoka Diani anafika kabla ya kunifikia mimi. Nikiwapeleka huko, haja yake itakuwa huko. Nitakuwa nimeubeba mchana wangu mwenyewe kwa ndoo, nikaupeleka nyumbani kwa mwenzangu.

Nilijiambia ninampigia bi mkubwa kumuuliza tu kama mume wangu amesahau simu kwake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Una nini, mbona wahema?"

"Tangi limepasuka. Samaki wako kwenye ndoo na maji ni haba, na huyu bwana hapokei simu."

"Walete huku," akasema papo hapo. "Maji yanajaa sasa, yako hapa nyuma ya nyumba. Mimi naosha pipa. Njiani yateke maji kwa kikombe uyamimine humohumo ndani ya ndoo, wapate pumzi. Usiache kumimina."

Hakuniuliza limepasukaje. Hakunisimanga. Angenisimanga kidogo tu ningemjibu, na nafsi yangu ingepata pa kushika.

Nikaita tuktuk. Dereva alikuwa kijana wa kutoka bara, nikaweka ndoo miguuni pangu na pampu mapajani, nikakaa ninateka maji na kumimina, ninateka na kumimina. Alinitazama kwenye kioo chake kwa muda.

"Mathe, hao ni wa kukaanga?"

"Hawa ni wa mume wangu."

"Na unawapeleka wapi?"

"Kwa mke wake."

Alipunguza mwendo kwenye matuta yote mpaka Gazi, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo.

Nyumba ya bi mkubwa nilikuwa nimeifika mara chache, siku za idi na siku za misiba, siku ambazo mtu huketi mkekani na kutazama chini. Siku hiyo niliitazama. Kamba ya nguo ilikuwa na kikoi cha mume wangu, kile cha buluu nilichodhani kimepotea. Bomba la uani lilikuwa halidondoki. Dirisha lilikuwa na wavu mpya wa mbu uliopigwa misumari kwa mpangilio wake, nusu shibiri baina ya msumari na msumari, mkono ninaoujua. Penye kivuli palikuwa na kiti cha kamba kilichobonyea katikati kwa kukaliwa na mtu mmoja kwa miaka mingi. Niliona gere mpaka nikasahau kumimina maji.

Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kitalu cha mikoko anakofanya kazi na wanawake wenzake. Tope jeusi lilikuwa limemkauka mpaka magotini. Ni mwanamke mnene, mpole, hana haraka. Pipa lake la maji ya mvua lilikuwa limelazwa uani, ametia kichwa na mabega ndani analisugua. Akatoka humo akinitabasamia.

"Nimelisugua kwa mchanga na maji ya bahari. Sabuni sikutia, viumbe wa maji hawaiwezi."

Akanijia, akanishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili kunipa pole, kisha nikamwona anatulia. Mkono ule ulikuwa unanukia sabuni mpaka begani. Alinitazama usoni, akanitazama tena.

"Nawa baharini kwanza," akasema. "Halafu tuteke."

Tukateka. Aliniazima leso ya kujifunga kiunoni, tukaingia majini mpaka mapajani, tukabeba ndoo vichwani, tukarudi, tukamimina, tukaenda tena. Alikuwa ananitangulia, na mimi nyuma yake nilikuwa ninautazama mgongo wake na kuulinganisha na wangu. Mimi ni mwembamba, mimi ni kijana kuliko yeye, mimi najua kujitia udi. Sikuweza kuona mume wangu anafuata nini pale, na kutoona huko ndiko kulikoniuma, kwa sababu kingekuwa ni uzuri ningejua namna ya kushindana nacho.

Pipa lilipojaa tukawahamisha samaki, tukachomeka pampu kwa waya mrefu kutoka sebuleni. Kangaja akaanza kuzunguka na hasira zake. Kitatange alikaa chini kwa muda, akainuka. Wale wadogo wakajikusanya penye mapovu ya hewa, wote isipokuwa mmoja, ambaye alielea. Bi mkubwa akamtoa kwa kiganja, akamfukia chini ya mnazi, akanawa.

Mume wangu alikuja alasiri, maana alipoona simu zangu alipiga na kuambiwa njoo Gazi moja kwa moja. Alitukuta wake zake wawili tumekaa kwenye mkeka mmoja, jambo asilolizoea, na akapita katikati yetu kama aliyepita katikati ya minazi miwili, akaenda kuinama juu ya pipa. Aliwahesabu kwa kidole.

"Mmoja hayupo."

"Amekufa," nikasema.

"Kwa nini? Wenzake mbona wazima?"

Nilifungua mdomo. Bi mkubwa akaniwahi.

"Ni safari," akasema. "Tuktuk imewarusharusha. Mshukuru mwenzangu kuwafikisha hao waliobaki."

Basi akanishukuru. Akaniambia mama, umefanya kazi ya kiume. Na mimi nikaketi pale nimestiriwa na mwanamke ambaye ningemwona amekosa hivyo ningemsema mpaka Lunga Lunga. Sikumpenda kwa hilo. Sitiri yake ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nilirudi Msambweni kwa tuktuk ileile niliyoiita tena, na ndoo tupu, kwa sababu ilikuwa siku yake na mume wangu alikuwa analala pale.

Tangi lilipelekwa kwa fundi wa vioo Ukunda. Fundi alisema silikoni yote imezeeka, itakwanguliwa pembe zote, itapakwa upya, iachwe ikauke vizuri, kisha lijazwe maji lijaribiwe, na asiharakishwe. Hakuharakishwa. Kwenye sebule yangu pakabaki meza ndefu na alama ya chumvi sakafuni isiyokubali kutoka.

Na yale niliyoyawaza kwenye zulia lililolowa yakaja yote. Siku za bi mkubwa sikumwona mume wangu kabisa. Angepita kwangu kufanya nini? Siku zangu akitoka Diani anaifikia njia panda ya Gazi, anakata kona, anaingia kuwalisha samaki, anasikiliza pampu, anakunywa chai ya pale, watoto wanamwonyesha madaftari, na mimi Msambweni nimeshapakua. Alifika kwangu na harufu ya kamba mikononi na giza limeshaingia, ananiambia kitatange anakula vizuri. Nilipika biriani siku ya kawaida. Nilibadilisha mapazia. Nilimwuliza kwa sauti laini kama bomba langu nalo linahitaji kutiwa samaki ndani ndipo alione. Alicheka, akasema kesho.

Nikawa ninawaza mambo yasiyo na maana, kwamba bi mkubwa anawazidishia chakula makusudi ili pipa lichafuke na bwana akae sana kulisafisha, au anawanyima ili wawe na njaa wakati wote. Niliwaza yale ambayo mimi ningeyafanya.

Kisha siku moja, siku yangu, alifika nyumbani mapema kuliko nilivyomtarajia. Nilikuwa bado sijaoga. Alivua viatu mlangoni na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau kitu na hajui ni kipi.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Nimefukuzwa."

"Kazini?"

"Gazi. Nimefika, nimemkuta kasimama mlangoni. Kaniambia samaki wameshakula, kawalisha yeye mwenyewe, tena kidogo kama ninavyowapa mimi, alikuwa anaangalia. Kaniambia leo si siku yake, mimi nafuata nini pale. Nikataka japo nitazame pampu. Kasema pampu inanguruma, anaisikia, niende kwangu."

Kisha akauliza kama chai iko.

Nilikwenda jikoni. Wivu nimeishi nao, lakini wa siku ile nilikuwa sijawahi kuuonja. Kama bi mkubwa angemzuia kwake, ningemchukia na kulala. Yeye alimrudisha. Kipande ambacho mimi nilikishikilia kwa mikono yote miwili miaka yote, yeye alikipata bila kukiomba, akakitazama, akakirudisha kwa mwenyewe. Na mtu hawezi kurudisha kitu namna ile kama anaogopa hakitakuja tena. Alikuwa na hakika. Nilisimama mbele ya jiko na sufuria yangu ya chai nikitamani, kuliko nilivyopata kutamani dhahabu au mtoto, kuwa na hakika ile na mimi japo kwa siku moja.

Tangi likarudi. Halikuvuja. Mume wangu akateka maji, akawaleta samaki kutoka Gazi kwa mitungi iliyokatwa vichwa, na bi mkubwa akatuma salamu na embe mbichi. Wale samaki wakaingia mahali pao pa zamani. Kila kitu kikawa tayari kurudi kama kilivyokuwa: siku zangu zote, na kipande cha siku zake.

Jioni hiyo alipochukua kamba kwenye friji nilimwambia, "Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kuwalisha."

"Wewe? Si ulisema wananuka?"

"Nifundishe tu. Ukija hapa siku zisizo zangu, nataka nijue umekuja kufanya nini."

Alinitazama. Sidhani kama alinielewa, au labda alinielewa akaona heri asielewe. Akanionyesha kiasi cha kuchota kwa ncha ya kijiko, na namna ya kumtupia kangaja kwanza upande wa kulia ili awaache wengine wale. Nilijifunza kwa siku zangu mbili. Ni kazi nyepesi mno, mtoto angeiweza.

Siku iliyofuata ilikuwa ya bi mkubwa. Baada ya adhuhuri niliwalisha. Kangaja upande wa kulia, kitatange, kisha wale wadogo. Nikatazama pampu. Nikachukua simu nikamwandikia: samaki wameshakula, pampu nzima, usijisumbue kwa ajili yao. Niliongeza kwamba chai ipo, kisha nikafuta hilo la chai, kisha nikatuma.

Alijibu, "Ahsante mama."

Nikaoga. Nikavaa dera jipya, nikajitia udi, nikachoma mahamri machache, si mengi, mtu asije akadhani nilikuwa ninamngoja. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliisikiliza. Ilipofika alasiri nikajiambia bado yuko kazini. Alasiri ikapita. Nikatoka kibarazani nikajifanya ninaanua nguo ambazo nilikuwa nimeshazianua. Jirani akaniuliza mgeni gani anakuja, nikamwambia hakuna. Adhana ya magharibi ikasomwa. Nikarudi ndani, nikaswali, nikakaa mbele ya kioo kwenye mwanga wa taa ya samaki.

Baada ya muda simu ikalia.

"Wamekula wote?" akauliza.

"Wote."

"Hata kitatange?"

"Hata yeye."

"Alhamdulillahi. Umefanya vizuri sana mama. Umenipunguzia safari."

Nikamwambia hakuna neno. Nyuma yake nikasikia vijiko na sahani, watoto wanagombania kitu, kisha sauti ya bi mkubwa, karibu kabisa, haikupazwa wala haikufichwa.

"Na yeye mwenyewe, amekula?"

Mume wangu akarudi kwenye simu. "Mwenzako anauliza, nawe umekula?"

Mahamri yalikuwa mezani, nimeyafunika kwa kawa, sijagusa hata moja.

"Mwambie nimekula," nikasema.